Avuta Sigara Ili Asinenepe

SWALI: Dada Muuguzi, binti yangu wa miaka 16 anavuta sigara. Anasema zinamzuia kunenepa. Ugali na omena anaonja tu, kisha anakimbilia chooni.
Mama, Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama yangu, anza na hicho choo, si sigara: huenda anajitapisha humo. Nikotini, kemikali ya sigara, kweli hupunguza hamu ya kula; ukimnyang'anya sigara bila kutibu hofu ya unene, huenda akazidi kujinyima. Kujitapisha huondoa potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige, mwilini, na moyo unaweza kusimama. Nimewauguza wasichana wanaojitapisha, bado nawawaza. Akizirai, mpeleke hospitali usiku huohuo. La sivyo, amwone daktari wiki hii, pamoja na mshauri wa afya ya akili. Usitaje mwili wake, hata kwa kumsifu. Na mwenye kioski anayemuuzia? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inamkataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Mwambie.