Usimpe mama diklofenaki ya kila siku kwa sababu ya CRP ya 5.8

Dada, hiyo pakiti ya diklofenaki, dawa ya maumivu, usiifungue kesho. Umeandika kwamba mama ana miaka 71, mko naye hapo Umoja, Nairobi, anameza losartani na HCTZ (dawa ya kukojosha) kwa ajili ya presha, CRP yake, kipimo cha damu cha inflamesheni, imetoka miligramu 5.8 kwa lita, na muuzaji mmoja wa kwenye video amekwambia hiyo ni inflamesheni ya uzee, yaani kinga ya mwili kuwaka bila kuzimika, dawa yake diklofenaki miligramu 50 asubuhi na jioni kwa miezi mitatu.  Nakujibu haraka kwa sababu diklofenaki hiyo inaweza kumlaza mama hospitalini.

Figo ya mzee hutegemea prostaglandini, kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, ili mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye kichujio ubaki wazi. Diklofenaki huzuia vimeng'enya vya COX vinavyotengeneza prostaglandini hizo, na mshipa unabana. Losartani hulegeza mshipa wa kutokea, kwa hiyo msukumo wa kuchuja unashuka. HCTZ nayo inatoa maji na chumvi, damu inayofika pale inapungua. Mama akipata dawa zote tatu, kisha aharishe siku mbili au ashinde juani bila kunywa maji, mkojo unaweza kupungua ghafla na potasiamu kupanda hadi moyo upige ovyo. Na kabla hata hayo hayajatokea, presha yenyewe huanza kupanda, kwa sababu diklofenaki hushikilia chumvi mwilini. Matokeo yake mama anaongezewa dozi ya presha kliniki, na hakuna anayeuliza ni nini kilichobadilika nyumbani.

Usitulizwe na maabara kuandika kwamba kriatinini yake, taka ya misuli inayochujwa na figo, ni ya kawaida. Wazee wana misuli michache, hivyo namba hiyo hutoka ndogo hata figo ikiwa imechoka. Mwanamke wa miaka 71 mwenye kriatinini ya mikromoli 90 kwa lita anachuja karibu mililita 59 kwa dakika, yaani tayari yuko chini ya 60, mpaka wa kuanza kuitilia figo shaka. Omba waikokotoe hesabu hiyo ya kasi ya kuchuja (eGFR), wasikupe kriatinini peke yake.

Tumbo nalo lina hatari yake. Utando wake unalindwa na prostaglandini hizo hizo, na vidonda vya mzee mara nyingi havitangulii kuuma. Dalili ya kwanza inaweza kuwa choo cheusi kama lami.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa hiyo hata haigusi kile ambacho muuzaji alidai inakizima. Ni kweli uzee huja na inflamesheni ya chinichini. Claudio Franceschi na wenzake waliipa jina mwaka 2000. IL-6 na TNF, ambazo ni saitokini, yaani molekuli za kupeana ishara za kinga, hupanda polepole, zikitoka kwenye mafuta yanayozunguka viungo vya tumboni, kwenye seli zilizozeeka zikaacha kugawanyika lakini zikagoma kufa, kwenye fizi zenye maambukizi, na kwenye utumbo unaovujisha vipande vya bakteria. IL-6 hufika kwenye ini, ini linatengeneza CRP. Diklofenaki inazuia prostaglandini, ambazo ni njia nyingine. Mafuta yale yapo, fizi zile zipo, na saitokini zinaendelea kumwagika.

Majaribio makubwa yameshafanywa. Wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, walipewa aspirini miligramu 100 kila siku au kidonge kisicho na dawa. Matokeo ya 2018: aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, ila iliongeza kuvuja damu. Mwaka 2017 ilijaribiwa kanakinumabu, ambayo kweli hufunga saitokini yenyewe, IL-1 beta, kwa wagonjwa 10,061 waliowahi kupata shambulio la moyo. Matukio ya moyo yalipungua, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka, kwa sababu molekuli hizo ndizo zinazoita askari wa mwili bakteria wakiingia. Sasa mtu anayeuza tembe bila kuuliza mgonjwa anameza nini kingine, na mwili wenyewe wa miaka 71, huyo anacheza na uhai wa mama za watu. Unga wa maumivu ya viungo anaouuza muuzaji huyo pia uache. Unga wa aina hiyo umewahi kukutwa na diklofenaki au deksamethasoni (dawa ya steroidi) iliyofichwa ndani.

Kanuni ni hii: mzee hapewi dawa ya maumivu ya kila siku kwa ajili ya namba ya maabara.

Hiyo 5.8 ya mara moja haitoshi kuamulia lolote. CRP hupungua kwa nusu kila saa 19 hivi chanzo kikiondoka, kwa hiyo mafua ya wiki iliyopita yanatosha kuipandisha. Rudia hs-CRP, yaani CRP inayopimwa kwa usahihi zaidi, baada ya wiki mbili, maabara ile ile, akiwa hana kikohozi wala jino linalouma. Ikizidi 10, tafuteni maambukizi. Na msingoje homa kali: kwa mzee dhaifu joto la nyuzi 37.8 linatosha kushtua, na wakati mwingine dalili pekee ni kuchanganyikiwa, kuanguka au kukataa chakula. Dawa ya maumivu ya kila siku inaficha hata hiyo 37.8.

Kama tatizo ni magoti, kuna jeli ya diklofenaki ya asilimia 1: gramu 4 kwa goti, hadi mara nne kwa siku. Inayoingia kwenye damu ni karibu asilimia 6 tu ya ile ya tembe, ila daktari wake aambiwe nayo.

Ikiwa tayari amemeza tembe za siku kadhaa, ziache, apimwe kriatinini na potasiamu wiki hii. Losartani na HCTZ asiziache kwa uamuzi wenu. Mkojo ukipungua, miguu ikivimba au choo kiwe cheusi, msingoje asubuhi, na mbebe pakiti zote anazotumia, pamoja na ule unga.