Kuhusu hiyo tatuu ya mkononi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma hapa Mwaloni, Kirumba, dagaa wakipakiwa. Unauliza kuna ubaya gani ukichora jina la marehemu bibi kwenye kifundo cha mkono, hapo pa saa. Mambo ya dhambi waachie wachungaji. Bibi mwenyewe alikuwa na chale, sitajifanya leo ngozi ya kwetu haijawahi kuchanjwa.

Kinachonisumbua ni ngozi yako. Ulipotoboa masikio, la kushoto liliota kovu la kuvimba ambalo mpaka leo unalificha kwa nywele. Ngozi ya namna hiyo ikichomwachomwa sindano inaweza kuota tena, na kifundo utakificha na nini? Kwa ndani ngozi ni nyembamba, utaumia. Tena mkono haupumziki: unanawa, unafua, jua linaupiga, saa inausugua. Herufi ndogondogo hutanuka, na miaka ikienda jina linageuka doa.

Halafu si unataka kuomba Polisi au Uhamiaji? Soma matangazo yao ya ajira: wanataka asiyekuwa na alama za kuchorwa mwilini. Ukisema utafuta kwa leza, hiyo ni kurudi mara nyingi, pesa nyingi kuliko za kuchora, na ngozi nyeusi inaweza kubaki na mabaka.

Huyo fundi wa Nyegezi usimwonee haya. Sindano aifungue mbele yako, wino aumimine kwenye kikopo kipya, asichovye chupa ya wateja wote. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7, kwa hiyo kupangusa na kitambaa si kusafisha. Chanjo yake ipo, kwa kawaida sindano 3 ndani ya miezi 6. Homa ya ini C haina chanjo. Na kidonda kikiwa kibichi, wiki 2 au 3, ziwani usiingie, hata kuosha samaki waachie wenzio.

Mimi ningesubiri hayo maombi ya kazi yaishe. Kwa sasa andika jina hilo kwa hina, hapohapo, ukae nalo lifutike lenyewe uone kama utalikumbuka. Hina halisi lakini, si piko, ile nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele, ile inababua.

Baba yako sijamwambia. Utamwambia mwenyewe.

Mama