Kunguni au harara? Yaliyonipata chumbani Majengo

Dadangu uliyeuliza kuhusu vipele vinavyokutoka mkononi tangu uhamie Kisauni, na mumeo anasema ni mbu: usikubali haraka. Mimi nilidanganyika hivyohivyo miezi miwili. Ilikuwa kaskazi, joto limeshika, kila kipele kikaitwa harara. Nikajipaka poda, nikanunua neti mpya, na asubuhi bado naamka na vitatu vimejipanga mstari kwenye mkono uliotoka nje ya leso. Mume wangu, kitanda hichohicho, hana hata alama. Baadaye ndipo nilipojua kuwa naye alikuwa akiumwa na kunguni, ila ngozi yake haivimbi. Basi vipele visikupe uhakika, na asiye na vipele asijione amesalimika.

Ushahidi uko kitandani. Amka saa tisa usiku, taa usiwashe, tumia tochi ya simu. Inua godoro uangalie mishono yake, hasa mchagoni. Utaona vidoa vyeusi kama vya ncha ya kalamu. Ukivipangusa na kitambaa kibichi vinatanda rangi ya kutu. Hicho ni choo chao, damu yako iliyokwisha kusagwa. Kisha chukua kadi ngumu, ipitishe pale mfumbati unapoingia kwenye tendegu. Kwangu kadi ilitoka na maganda mepesi ya rangi ya chai, vijiyai vyeupe vimenata kwenye mbao, na bwana mkubwa mmoja, bapa, saizi ya punje ya adesi. Nikamminya. Harufu ile ni kama kotmiri iliyovunda, na mpaka leo nikiikatakata kotmiri jikoni roho hunisimama kidogo.

Wangu walikuja na kochi la mtumba, likaletwa kwa mkokoteni nikalipokea kwa furaha. Kunguni haruki wala hana mbawa za kuruka nazo. Hutembea, au hubebwa. Usafi wako hauhusiki, kwa hivyo ondoa haya, maana haya ndiyo iliyotuchelewesha sisi.

Kosa langu la kwanza: nilinunua dawa ya kupuliza, nikapuliza chumba changu peke yangu, kimyakimya. Usiku tatu raha. Siku ya kumi wamerudi. Mayai hayafi kirahisi kwa dawa, nayo huanguliwa baada ya kama wiki moja hadi siku kumi. Tena dawa nyingi za dukani ni za jamii ya pareto, ua hilihili linalolimwa Kenya, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wameshazizoea. Na nyumba yetu ni ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati. Niliwafukuza tu wakapita chini ya mlango.

Nikajikaza nikamwambia bi mkubwa wa chumba cha pili. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, mimi ninao tangu mfungo mosi! Nilikuwa naona haya kukwambia wewe."

Tukapanga siku moja, vyumba vyote. Vitanda tukavivunja tukavitoa uani, masufuria ya maji yanachemka, tukamimina kwenye kila tundu na kiungo. Hapo ndipo wanapokufa, wao na mayai yao: joto la nyuzi 50 na zaidi hawalihimili. Nguo, mashuka na mapazia yakafuliwa kwa maji ya moto. Godoro kulianika juani hakutoshi hata kwa jua letu la Mombasa. Juu linawaka, wao wanashuka ndani kwenye ubaridi. Langu nililifunga lote kwa nailoni nzito nikaziba kwa utepe wa gundi, na sikuifungua, kwani wanaweza kukaa na njaa miezi. Nyufa za ukuta fundi akaziziba. Kitanda kikasogezwa mbali na ukuta, na kila tendegu likasimama ndani ya kopo lililopakwa poda kwa ndani ili wateleze.

Baada ya siku kumi tukarudia. Kisha tena. Wiki ya sita makopo yalikuwa matupu.

Mafuta ya taa usithubutu, nyumba nzima itashika moto. Na vile vidonge vya kuhifadhia mahindi ghalani, tafadhali sana, visiingie chumba cha kulala: gesi yake inaua watu. Kunguni wenyewe hawajulikani kuambukiza ugonjwa, ila usijikune mpaka ukatoa vidonda.

Kitanda usikitupe, wala usihamie kulala kwenye kochi; watakufuata huko na utakuwa umewapa chumba cha pili. Angalia usiku huu, piga picha ya kilichotoka na kadi, iweke hapahapa tuione. Na jirani wa mlango wa pili ushamuuliza?