Mbwa wa watoto, kazi ya baba

Wanangu waliniomba mbwa mwaka mzima. Mwishowe wakaandika mkataba na kuubandika kwenye friji: mkubwa atamlisha asubuhi, kitinda mimba atazoa kinyesi jioni, Jumamosi wote watamwogesha. Kitinda mimba alisaini kwa kuchora jua. Mkataba ulidumu siku 11. Wiki ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, ni mimi niliyekuwa uani na taulo kiunoni, koleo mkono mmoja, tochi ya simu mkono mwingine, nikisaka kabla mtu hajakanyaga.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, kama wewe mwenyewe humtaki mbwa, usimlete. Mbwa huishi miaka 10 na zaidi. Mtoto aliyemlilia akiwa darasa la tatu, siku moja atakwenda bweni akuachie koleo.

Halafu jina. Huku kwetu kumpa mbwa jina la mtu ni kumtukana mwenye jina, hivyo nilipiga marufuku majina yote ya ukoo, pamoja na la mwalimu wa hisabati. Wakakubaliana aitwe Tajiri. Mimi nikaona sawa tu. Kumbe nimesahau kwamba nje ya geti letu pana kijiwe cha bodaboda, na bodaboda humwita mwenye pikipiki tajiri. Jioni ya kwanza nikapaza sauti, "Tajiri, toka kwenye jalala!" Mzee mmoja mwenye pikipiki zake alikuwa amekaa palepale akipokea hesabu ya siku. Vijana walicheka mpaka wakalalia matangi. Mzee yule hadi leo huitikia salamu yangu akiangalia pembeni.

Lakini ningerudi nyuma, ningeanza na majirani. Tunaishi Tabata, ukuta kwa ukuta na familia ya Kiislamu. Siku ya nne tu, mtoto wao anatoka madrasa, kanzu nyeupe pee, Tajiri akamrukia na kumlamba kuanzia mkono hadi kifuani. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani huyafuata, mate ya mbwa ni najisi nzito: huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yenye udongo. Mama yake hakugomba. Alisema tu, "Jirani, hiyo ni mara saba, anza na udongo." Nikaiomba kanzu niifue mwenyewe. Wanangu wakakaa kizingitini wakihesabu kwa sauti, "Nne! Tano!" Nilipojaribu kuruka kutoka tano kwenda saba, yule mwenye kanzu akanirudisha. Siku hizi saa za madrasa Tajiri yuko bandani, na nisingechubuka vidole kama ningebisha hodi kwao kabla ya kumleta.

Afya sina mzaha nayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa achomwe akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe. Mbwa akimng'ata mtoto, hata kama ni wenu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chakula si shida, dona na dagaa vinamtosha Tajiri. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha. Makombo ya pilau yenye vitunguu vile vile usimpe.

Mama yangu alipokuja kutoka Marangu alimkuta Tajiri amelala kwenye zulia la sebuleni. Akasimama mlangoni na kikapu chake cha ndizi. "Mwanangu, mbwa yuko ndani, na mimi nikae wapi?" Mbwa wa kwetu alifungwa mchana na kufunguliwa usiku, na daktari hakuwahi kumwona. Tajiri akahamia uani siku hiyohiyo. Wiki ya pili nikaamka na koleo langu, nikamkuta Mama amenitangulia, anammegea chapati na kumsemesha Kichagga. Tajiri alikaa, akasimama, akalala, kila alipoambiwa.

"Huyu ananielewa," akasema. "Wajukuu zangu je?"

Nikakosa la kujibu. Ameondoka mwezi uliopita, na Tajiri siku hizi hasikii Kiswahili kabisa. Jana nimemkuta kitinda mimba na simu yangu sikioni: "Bibi, 'achia' mnasemaje? Haraka Bibi, amebeba kiatu cha Baba!"