Muulize Fundi: Ufundi umeme unajifunzika kwenye simu?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko mwaka wa kwanza umeme wa majumbani, chuo kimoja huku Mwanza. Siku hizi mwalimu anatutumia moduli kwenye simu, video na maswali ya kutiki, karakana tunaingia mara moja kwa wiki, bodi moja watu sita. Maswali napata yote ila juzi nimepewa kufunga taa moja swichi mbili nikaganda kabisa. Na bando linaisha kabla ya mada. Nihame chuo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usihame kwanza. Moduli sio adui, hata VETA walipoanzisha VSOMO, app yao ya kujifunza ufundi kwa simu, ilikuwa hivohivo, nadharia unasoma kwenye simu alafu vitendo unavifata chuoni. Kwenye hesabu simu inasaidia sana, mfano birika la wati 2000 kwa volti 230 linavuta kama ampea 8.7, hiyo unairudia hata kwenye daladala mpaka ikae.

Ila kuganda kwako nakuelewa, kutiki jibu na kushika waya ni vitu viwili tofauti kabisa. Fanya hivi, siku moja kabla ya karakana angalia ile video, simamisha, chora mwenyewe kwenye daftari bila kuangalia: laini (waya wenye umeme) inaingia komoni, yaani tundu la COM, ya swichi ya kwanza, waya mbili zinaunganisha matundu ya L1 na L2 ya swichi zote mbili, komoni ya swichi ya pili inaenda kwenye taa, nyutro (waya wa kurudisha umeme) inaenda kwenye taa moja kwa moja. Alafu nunueni swichi mbili za tuwei (two-way, zile zenye COM, L1 na L2) na holda ya taa mchange wote sita, mzipige kwenye kipande cha ubao hapo geto, mfunge na kufungua mpaka vidole vizoee. Nakuomba sana, msichomeke kwenye umeme! Hakikisheni kwa testa ya betri tu, ile ya kupima kama waya zimeungana, umeme mtauwasha karakanani mwalimu akiwepo.

Bando sasa, mmoja apakue video wengine mrushiane simu kwa simu, au mwombe mwalimu awawekee kwenye memori kadi, na mwambieni kwa heshima awagawe wawiliwawili kwenye bodi wengine wakichora, maana watu sita bodi moja wanne wanaishia kutazama tu.

Ukishaimudu hiyo niandikie tena, tuingie kwenye taa ya ngazi yenye swichi tatu.