Nyumba ya wazazi kugeuzwa duka: yaliyonikuta Kamalondo

Ndugu uliyeuliza kuhusu nyumba ya marehemu baba yenu kule Bel-Air, hapa Lubumbashi, Kongo, nimesoma vizuri. Unataka kubomoa ukuta wa mbele, utoe vyumba viwili vinavyotazama barabara, kimoja ufungue duka la dawa, kingine umkodishie mtu wa depo ya vinywaji. Na baba mdogo anakuambia ukishapata RCCM (usajili wa biashara) na patante (kodi ya biashara), kazi imekwisha, leta nyundo. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo mwaka 2017. Nikaleta nyundo.

Mimi ni fundi nguo. Nyumba ni ya wazazi, Kamalondo. Wanaotoka Lubumbashi wanaijua: ndiyo komine (wilaya ya mji) kongwe ya Waafrika hapa mjini, Wabelgiji waliipima enzi za ukoloni, na parseli (viwanja) ni ndogo kiasi kwamba jirani akikaanga samaki unajua kabisa ni samaki gani. Niliweka mashine 6 za kushona sebuleni, nikatoboa mlango mpana upande wa barabara, nikapiga sementi ua mzima ili wateja wasikanyage matope. Karatasi za biashara nilikuwa nazo zote, tena nimezitia kwenye fremu.

Mvua za Desemba zikaja. Zamani maji yalikuwa yanazama kwenye udongo wa uani kwetu. Sasa yalikuta sementi, yakateleza hadi chini ya ukuta, yakaibukia jikoni kwa mama wa jirani. Na umeme ukikatika nilikuwa nawasha grupu (jenereta), bomba lake la moshi nimelielekeza (sikufikiria hata kidogo) kwenye dirisha hilo hilo la jiko. Yule mama hakunigombeza. Tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi kama kawaida. Alimwendea shefu wa kartie, mkuu wa mtaa. Baada ya wiki mbili wakaja watu watatu na kopo la rangi, wakapiga msalaba mwekundu ukutani kwangu, karibu na mlango mpya. Wateja wakaanza kuuliza kama nyumba inavunjwa lini, nirudishe vitambaa vyao kabla.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo baba mdogo wako hajakuambia. RCCM inasajili biashara, haisajili nyumba. Patante ni kodi ya kufanya kazi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali. Sisi tulicho nacho ni konsesyo, yaani haki ya kuitumia, na mkataba wake unataja matumizi: makao, biashara, mchanganyiko na kadhalika. Wa kwetu uliandikwa makao tu. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi nilikuwa nashona magauni chumbani kwa mtu aliyelala. Na kutoboa ule mlango kulihitaji kibali cha kujenga, nacho ni jambo la Urbanisme (ofisi ya mipango miji), mbali na habari za mkataba.

Sasa wewe, kabla ya ofisi yoyote, angalia jina lililo kwenye setifika, hati ya ardhi. Kama bado ni la baba, anzia nyumbani. Kwetu baba alifariki 2009 na hakuna aliyebadilisha kitu. Kwa Kodi ya familia (yaani sheria ya familia) ya 1987, watoto wote ndio warithi wa kwanza, hata yule yaya wako (ndugu mkubwa) aliyeko Kolwezi asiyepokea simu, hata aliyezaliwa nje ya ndoa akatambuliwa na baba. Na mama mjane ana haki ya kukaa na kuitumia nyumba aliyoishi na mumewe. Si hisani ya watoto hiyo, ni haki yake. Umesema mama yenu bado yuko humo ndani, lakini hujaandika popote kwamba umemuuliza. Muulize yeye kwanza, tena ukiwa umekaa naye, si kwa WhatsApp. Mama yangu alikubali kwa sharti moja, chumba chake na mwembe visiguswe.

Halafu nikafanya kosa la pili. Nilimpa komisioneri (dalali) mmoja dola 200 anitengenezee kila kitu. Alikuwa na begi zuri na mihuri ya kila namna. Sijamwona tena.

Nikaanza upya kwa miguu yangu. Kwanza tulihamisha hati kutoka jina la baba kuja kwa warithi. Kisha barua kwa konsevateri wa hati za ardhi kuomba kubadili matumizi, na nakala ya hati, picha ya nyumba na mchoro wa fundi. Alikuja mpimaji wa kadasta (ofisi ya vipimo vya ardhi) na mita yake, na hapa nikuonye kuhusu mitaa ya zamani: mipaka iliyo kwenye karatasi na kuta zilizosimama mara nyingi hazijuani. Kwetu choo alichojenga baba kilikuwa kimeingia sentimita 40 kwa jirani. Jirani yupi? Yule yule mama wa jikoni. Nilienda kwake na yaya wangu wa kwanza, tukabeba sukari na sabuni, tukakaa. Tulikubaliana nivunje choo, nichimbe mtaro wa maji upande wangu hadi barabarani, na grupu niihamishie mbele. Akaweka sahihi kwamba hana pingamizi. Karatasi ile haina muhuri hata mmoja, lakini ilipoingia kwenye faili mambo yalianza kwenda. Malipo yote nilifanyia benki kwa noti (karatasi ya madai ya malipo) iliyotolewa na ofisi yenyewe, na kila risiti nikaitolea fotokopi. Toka barua ya kwanza hadi mkataba mpya ni miezi 11.

Niliomba matumizi ya mchanganyiko, sikuomba biashara tupu. Ushauri wangu kwako ni huo huo. Mama bado analala pale, jamaa akifunga depo nyumba inabaki nyumba, na majirani wanasikia tofauti unapowaambia "tunafungua chumba kimoja" kuliko "tunageuza parseli". Lakini jua gharama zinapanda kila upande. Ada ya ardhi ya biashara si sawa na ya makao, na SNEL, shirika la umeme, wakijua kuna duka watakuhamishia tarifa (bei) ya biashara. Waambie mwenyewe mapema, usingoje wakukute.

Duka la dawa lina ruhusa zake za upande wa afya na linahitaji mfamasia, hilo waulize wenye fani. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye depo. Tangu 12 Septemba 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na kwa sheria yake ya biashara mpangaji aliyefanya kazi miaka 2 mfululizo kwa kufuata mkataba anapata haki ya kuongezewa mkataba. Ukimkatalia bila sababu inayokubalika, unamlipa fidia ya kumwondoa. Watu wanadhani mpangaji wa duka ni kama mpangaji wa chumba, unampa notisi anaondoka. Hapana. Mkataba uandikwe, kazi itajwe kwa jina, na saa za kufunga ziwemo, maana depo ya vinywaji ikishaweka viti vinne na muziki imekuwa nganda (baa ya mtaani), na Bel-Air ina wazee wanaolala saa mbili usiku.

Ukuta usiuguse kwanza. Kaa na mama, kisha ndugu zako, kisha jirani wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Ukiweza, weka hapa picha ya ukurasa wa mkataba unaotaja matumizi, ziba majina na namba, tuone wameandika neno gani.