Kuwinda dubu Alaska: msomaji wa Bukavu anauliza

SWALI: Kaka yangu mkubwa anaishi Anchorage, ni raia wa Marekani. Ananiita mwezi wa tisa tupande mlimani sisi wawili tu tukawinde dubu. Bunduki anazo. Nijipange namna gani ili nirudi Kadutu mzima? Na ile nyama, inalika?

JIBU: Ndugu, hiyo ya “wawili tu” ifuteni kwanza. Sheria ya Alaska inamtaka asiye raia wa Marekani awinde mnyama mkubwa yeyote akiwa na kiongozi wa uwindaji mwenye leseni, dubu mweusi akiwemo. Kuwinda na ndugu badala ya kiongozi huwafaa Wamarekani wanaotoka majimbo mengine, wewe hapana. Kiongozi mara nyingi anakula pesa kuliko ndege, basi zungumzeni gharama mapema. Na mwenye viza ya matembezi asishike bunduki kabla ya kupata leseni ya uwindaji.

Kambini, pikeni mita 100 hivi kutoka hema, upande ule upepo unakoelekea. Chakula, sabuni, hata dawa ya meno, visilale hemani. Kila mtu abebe kopo la dawa ya pilipili kifuani (ndani ya begi ni kazi bure), alipulize dubu akifika mita 9 hivi. Linunuliwe hukohuko, maana ndege hailipokei hata kwenye mizigo.

Wengi wanaogopa kabla ya risasi. Sisi tunaogopa zaidi baada yake. Dubu aliyeangukia kichakani anaweza kuwa hai. Ngojeni nusu saa, mshukieni kutoka juu na nyuma yake, bunduki tayari, kisha mguseni jicho kwa fimbo ndefu. Akipepesa, bado. Akishakufa, mchuneni upesi: manyoya na mafuta hushika joto, na nyama huharibika hata kwenye baridi. Mmoja achune, mwingine alinde, kwani damu huita dubu wengine. Nyama itakayosubiri safari ya pili isogezeni mbali na matumbo, mahali peupe mnapoweza kupachungulia toka mbali kabla ya kurudi.

Inalika, ndiyo, lakini hubeba minyoo ya trikinela, na aina ya kaskazini haifi hata nyama ikigandishwa. Katikati ya nyama lazima pafike 71°C. Mishikaki yenye wekundu ndani, hapana. Ichemshe kwa subira ya sombe.

Ngozi na fuvu havisafiri bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kiongozi akuonyeshe fomu kabla hujalipa.